Kuihuisha fimbo ya zamani ya kuvulia bila kuiondolea sura yake

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, hasa upande wa Gizenga, baina ya makasha ya njumu, saa za ukutani na birika za shaba, huonekana mara moja moja mfuko mrefu wa kitambaa uliofungwa kwa utepe, na ndani yake fimbo ya kuvulia ya vipande viwili au vitatu. Fimbo za namna hii ni za enzi ambazo Waingereza walikuwa wakizichukua kila walikotumwa kazi, na Zanzibar ilikaa chini ya himaya yao tangu mwaka 1890 hadi 1963. Mvuvi wa Unguja au Pemba hakuwa na haja nazo, kwa kuwa yeye huvua kwa mshipi wa mkono, kwa nyavu, kwa dema au kwa uzio, na ndiyo maana fimbo iliyobaki nyumbani ilipandishwa darini na kusahauliwa. Kusahauliwa huko kumezidhuru fimbo hizi kwa unyevu na dumuzi, lakini kumezinusuru na fundi mwenye haraka.

Maelezo yanayofuata ni ya mtu anayetaka kuitengeneza fimbo kama hiyo ili ivue tena, na wakati huo huo ibaki kuwa kazi ya yule aliyeiunda. Mambo hayo mawili hugongana mara kwa mara, na yanapogongana mimi huegemea upande wa aliyeiunda: kisichohitaji kuguswa kisiguswe, na kila kinachoongezwa kiwe ni kitu ambacho fundi wa baadaye ataweza kukiondoa bila ya kuumiza kilicho chini yake.

Kuijua kabla ya kuigusa

Kitoe kipande kinene na ukitazame mwanzo wake. Ikiwa ni cha mviringo, kizito, cheusi na hakina kifundo hata kimoja, huenda ni cha mti mgumu wa Guyana uliotumika sana Uingereza kabla ya mwanzi kuenea. Ikiwa kina pande sita, basi umeshika fimbo ya papi: mwanzi ulipasuliwa, ukatolewa papi sita, kila papi ikarandwa kuwa pembetatu yenye pembe za nyuzi 60, kisha zikagandishwa pamoja huku ganda la mwanzi likibaki nje pande zote. Unene hupungua kutoka kwenye mshikio kuelekea nchani, na katika fimbo nyepesi ncha haizidi milimita 2. Anayejua kushika randa ataelewa maana ya kuirandia pembetatu papi ya unene huo, tena sita zinazolingana, juu ya kalibu ya chuma.

Utaratibu huu wa papi sita ulishika Marekani katika miaka ya 1870 kwa kazi ya Hiram Leonard wa Bangor, katika jimbo la Maine. Uingereza nayo ilikuwa na mafundi wake, na mashuhuri zaidi ni kampuni ya Hardy ya mji wa Alnwick, iliyoanzishwa mwaka 1872, ambayo fimbo zake za mwanzi ziliuzwa kwa jina la Palakona. Mwanzi wenyewe haukuota Ulaya wala Marekani. Mafundi wa mwanzo walitumia mwanzi uliokuwa ukipakiwa Calcutta, na baadaye wakahamia mwanzi wa Tonkin, ambao kwa hakika hutoka Guangdong, kusini mwa China, na ambao mtaalamu wa mimea Floyd McClure aliupa jina la Arundinaria amabilis mwaka 1931. Marekani ilipofunga biashara yake na China mwishoni mwa mwaka 1950, mwanzi huo ulikatika katika soko lake, na fimbo za nyuzi za kioo, ambazo zilikuwa zimeshaanza kuuzwa, zikachukua nafasi.

Tarehe hizi zina kazi mezani. Fimbo ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kawaida imegandishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulainika kwa joto na huachia kwa maji. Na kwa kuwa mafundi wenyewe hawakuiamini sana, wengi wao waliifunga fimbo kwa nyuzi za hariri kila baada ya sentimita chache, kutoka chini hadi juu. Ukiviona vifungo hivyo vingi vilivyokaribiana, chukulia kwamba gundi ya ndani ni hiyo, na uyaogope maji ya moto. Fimbo za baada ya vita zina gundi za viwandani zisizojali maji, nazo huvumilia zaidi.

Jina la fundi au la kampuni mara nyingi limeandikwa kwa wino juu ya mwanzi wenyewe, kidogo mbele ya mshikio, likafunikwa na vanishi. Pengine limechorwa kwenye kikombe cha madini kilichoko kitakoni. Litafute kwa tochi iliyoshikwa ubavuni, kwa kuwa mwanga wa pembeni huonyesha hata kilichofifia. Ukiliona, lizungushie karatasi, ifunge kwa uzi wa pamba, na usiifungue mpaka kazi iishe. Ikiwa jina ni kubwa na hali ya fimbo bado ni njema, ushauri wangu ni kuipangusa, kuipaka nta kidogo na kuiacha. Wanaokusanya vitu hivi huithamini vanishi ya asili iliyochakaa kuliko mpya inayometa, nami nakubaliana nao, ijapokuwa mwenye duka atakwambia kinyume chake.

Kabla ya kukata uzi hata mmoja, piga picha kila upande, halafu pima kwa utepe kutoka nchani hadi kila pete ya kupitishia mshipi, na uandike kwa milimita. Andika pia urefu wa kila kifungo cha hariri, rangi yake, na kama kina mstari wa rangi nyingine ukingoni. Nafasi za pete hizo zilichaguliwa ili mshipi uufuate mpindo wa fimbo inapovuta samaki. Ukizihamisha, mzigo utaelemea mahali pamoja na fimbo itakatika hapo.

Kisha ikague. Fumba jicho moja na utazame kutoka kitakoni kuelekea nchani huku ukiizungusha pole pole, uone ilipopinda. Usiitikise. Kila mtu akishika fimbo hutaka kuipunga hewani aone inavyonesa, na ncha iliyokaa darini miaka hamsini huvunjika kwa mpungo mmoja. Gonga kila upande kwa ukucha, kidogo kidogo, kutoka juu hadi chini: palipo pazima hulia kwa sauti kavu na kali, na palipoachana papi hulia butu, na pengine utahisi mtetemo mdogo chini ya kidole. Mwanzi uliogeuka mweusi na kuwa laini hadi ukucha ukazama umeshaoza, na fimbo hiyo ni ya kutundikwa ukutani.

Vitundu vidogo vyenye unga mweupe mpya ni alama ya dumuzi. Usizinyunyizie dawa za wadudu zenye mafuta, kwa kuwa zitazuia gundi na vanishi kushika. Vifunge vipande kwenye plastiki mara mbili, uitoe hewa, na uombe nafasi katika jokofu kubwa la muuza samaki, ambalo urefu wake hutosha. Wiki mbili katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri humaliza wadudu pamoja na mayai yao. Ukivitoa, usifungue plastiki mpaka vipate joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya mwanzi.

Viungo vya madini

Mahali vipande vinapoungana pana kiungo cha madini, jike upande mmoja na dume upande wa pili. Katika fimbo nzuri madini hayo ni meupe, yaliyochanganywa shaba, nikeli na zinki, na katika fimbo za bei ndogo ni shaba ya njano. Hewa ya baharini huyapaka kutu ya kijani, na fimbo iliyowekwa ikiwa imeungwa huwa haiachani tena.

Hapa ndipo fimbo nyingi huharibiwa, kwa kuwa mkono wa kwanza huenda kwenye koleo. Koleo huponda madini, na kuzungusha hupasua papi chini yake. Simamisha fimbo jike likiwa juu na dume likiwa chini, ili mdomo wa jike utazame chini na mafuta yasiteremkie kwenye mwanzi wa upande wa jike, kisha tia tone moja tu la mafuta ya taa kwenye mshono kwa ncha ya kijiti, na upanguse linalotiririka. Baada ya saa kadhaa, funga barafu kwenye plastiki na uishikize upande wa dume ili libane, na upande wa jike uwekewe kitambaa chenye uvuguvugu. Waitwe watu wawili. Kila mmoja aweke mkono mmoja upande huu wa kiungo na mwingine upande ule, mikono yote minne ikiwa imepishana na kukaribiana, kisha wavute kwa unyofu kwa neno moja. Nguvu za namna hiyo haziwezi kupinda, na kiungo huachia kwa mlio mdogo. Kisipoachia, rudia kesho. Huenda ikachukua siku kadhaa, na hilo halina ubaya.

Kikishaachia, kisafishe kwa pamba iliyochovywa spiriti, ndani na nje, mpaka pamba itoke nyeupe. Usitumie msasa wala tupa. Dume na jike vilichongwa kwa kulingana, na madini yakishaondoka hayarudi. Kiungo kilichosuguliwa hung'aa vizuri sana na hakishiki tena. Kilicholegea kidogo kipakwe nta nyembamba kwa kidole. Kukiponda kwa nyundo ili kibane ni kukifanya kishike sehemu mbili na kuacha nyingine wazi.

Kiungo kinachocheza juu ya mwanzi ni jambo jingine. Utakijua kwa mlio wa "tik" unapokipinda kidogo. Tafuta kwanza kama kina msumari mdogo uliopita katikati, usukume nje kwa sindano butu, kisha kipashe moto juu ya taa ya spiriti huku ukikizungusha. Kibatari hakifai, kwa kuwa masizi yake huingia kwenye nyufa za mwanzi na hayatoki. Kikishatoka, kwangua gundi ya zamani, safisha kwa spiriti, na ukirudishe kwa gundi ya epoksi inayochukua saa 24 kukauka. Ile inayokauka kwa dakika tano ni dhaifu na huvunjika kwa kunesa. Epoksi ina faida nyingine, kwamba hulainika kwa moto, na kwa hivyo fundi wa kesho ataweza kukitoa tena.

Vanishi ya zamani

Nguvu ya mwanzi iko karibu na ngozi yake. Nyuzi za mmea huu husongamana nje kabisa, chini tu ya ganda, na hupungua kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo anayeipitishia fimbo msasa wa kukwaruza anaondoa kile kile kinachoifanya inese na kurudi. Nimeziona fimbo zilizosuguliwa mpaka pembe zao sita zikawa duara. Ziling'aa kama miguu ya kiti kipya, na hazikuweza kubeba hata chubwi.

Anza kwa kuuliza kama vanishi inahitaji kutoka. Ikiwa imefifia tu au ina uchafu wa mikono na moshi, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kilichokamuliwa sana, kinatosha, na baada ya kukauka pitisha stilwaya laini kabisa pamoja na nta. Ile ya kusugulia masufuria ni nene mno. Inayotakiwa ni laini kama sufi. Mimi huishia hapo kila inapowezekana.

Ikiwa vanishi imepasuka na inabanduka kama magamba ya samaki aliyekaa juani, na maji yameshaingia chini yake, haina budi kutolewa. Shika wembe uliosimama wima, makali yake yakiegemea nyuma kidogo, na uvute kuelekea kwako bila ya kukandamiza, upande mmoja hadi mwingine. Vanishi kavu itatoka kama unga wa rangi ya asali, na chini yake utaona ganda la mwanzi lenye mng'aro wake wenyewe; ukianza kuona nyuzi, umeshazidisha. Palipogoma, jaribu spiriti kwenye kitambaa: ikilainika mara moja, ni shelaki, yaani vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, na itatoka yote kwa njia hiyo. Dawa za kutolea rangi zipakwe kwa kitambaa, sehemu ndogo kwa wakati, na kupanguswa upesi. Kuichovya fimbo ndani yake ni kuipelekea gundi sumu. Mahali penye maandishi pasiguswe kabisa, hata kama patabaki na rangi tofauti na kwingineko. Doa hilo la vanishi ya zamani ndilo litakalomwambia mtu kwamba jina halikuandikwa jana.

Papi zilizoachana na fimbo iliyopinda

Papi zilizoachana zifunguliwe kidogo kwa ncha ya wembe, bila ya kuzidisha ufa, na gundi kavu ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Acha pakauke siku mbili, kisha sukuma gundi mpya ndani kwa uzi au karatasi ngumu. Nani atumie gundi ya aina gani ni suala la kujadiliwa. Kwa fimbo ya kuhifadhiwa, gundi ile ile ya ngozi ndiyo ya heshima zaidi, kwa kuwa inakubali kufunguliwa. Kwa fimbo itakayokwenda baharini katika unyevu wetu, mimi huchukua epoksi inayokauka taratibu, na najua wako watakaonilaumu. Gundi nyeupe ya maseremala isitumike, kwa kuwa hutambaa chini ya mkazo wa kudumu na hudhoofika kwa maji. Ukishatia gundi, zungusha uzi wa pamba kwa mkazo kutoka chini hadi juu, kisha urudi kwa mzunguko wa upande wa pili, ili mkazo wa kwanza usiipindishe fimbo. Itazame ikiwa imenyooka ingali mbichi, na uitundike.

Mpindo huondolewa kwa joto kavu, baada ya kiungo, gundi na vanishi kushughulikiwa. Mwanzi hulainika ukipata moto wa kutosha na hubaki ulivyoshikwa unapopoa. Mashine ya kukaushia nywele inatosha kwa ncha. Sehemu nene huhitaji moto zaidi. Zungusha, pasha mpaka mkono ushindwe kuvumilia, pinda upande wa pili kidogo kupita unyofu, na ushikilie mpaka ipoe. Kwa fimbo ya gundi ya ngozi usiende mbali, kwani papi zitateleza. Mpindo mdogo nchani si kasoro ya kushughulikiwa; fimbo yoyote iliyovua samaki wengi huwa nao.

Hariri

Kazi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha mkono wa mtu. Wanaoshona kofia za viua wana macho na vidole vinavyohitajika hapa, na mara nyingi wana uzi pia. Lakini tahadhari: unaouzwa siku hizi kwa jina la hariri madukani kwa kawaida ni wa plastiki. Kata kipande na ukichome. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kwa vidole. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Uzi wa plastiki hauharibu fimbo, ila haukubali kuwa mwangavu chini ya vanishi kama hariri inavyofanya, na kwa fimbo ya zamani tofauti hiyo huonekana mbali.

Vifungo vilivyo imara viache, na juu yake pitisha vanishi nyembamba tu. Vilivyokatika vibadilishwe kimoja kimoja. Rangi ya asili utaipata kwa kufungua mzunguko wa mwisho uliokuwa umefichwa chini ya mwingine, usioguswa na jua. Kumbuka kwamba hariri hugeuka rangi inapolowa vanishi: nyekundu huwa ya damu ya mzee, na ya manjano karibu itoweke kabisa juu ya mwanzi. Lowesha kipande kwa spiriti, na rangi utakayoiona kabla haijakauka ndiyo utakayobaki nayo.

Miguu ya pete ichongwe kwa tupa iwe myembamba mwishoni, ili uzi uweze kupanda juu yake bila ya kuacha pengo. Kagua kila pete kwa kuivutia kipande cha soksi ya nailoni. Ikinasa, pete ina ufa na itakata mshipi. Zile za jiwe la akiki zilizopasuka zitolewe, ziwekwe kwenye bahasha pamoja na fimbo, na zisitupwe. Fungia mguu mmoja kwa utepe wa karatasi, anza kuzungusha uzi pembeni mwa mguu wa pili, ukiipitisha mizunguko mitano au sita ya kwanza juu ya ncha ya uzi wenyewe ili ijibane. Zungusha fimbo, si uzi, na uuache uzi upite katikati ya kurasa za kitabu kizito ili mkazo uwe sawa. Ikibaki mizunguko mitano, weka kitanzi cha uzi mwingine juu, malizia juu yake, pitisha ncha ndani ya kitanzi na uivute chini. Kata kwa wembe mpya. Mapengo madogo yazibwe kwa kusugua na mgongo wa kijiko, na manyoya yanayobaki yapitishiwe mwali wa spiriti kwa haraka sana.

Pete zote zikishafungwa, na kabla ya kupaka chochote, tazama kutoka kitakoni kama zimesimama mstari mmoja. Sasa bado zinasogea kwa kidole. Baada ya vanishi hazitasogea.

Kupaka vanishi mpya katika hewa ya visiwani

Vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi vinasema siku moja baina ya tabaka na tabaka. Hapa kwetu hesabu hiyo ifuate majira. Wakati wa masika usipake chochote: vanishi ya mafuta hukaa na kunata siku nyingi, na shelaki hupiga ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu. Nafasi nzuri ni katikati ya mwaka, masika yakishaisha na upepo wa kusi ukakausha hewa, na hata hapo chumba kiwe upande usiopigwa na upepo wa baharini, kwa sababu chumvi inayotua juu ya vanishi mbichi huacha vipele. Kaskazi nayo inafaa ikiwa hapana mvua. Saa ya kupaka ni asubuhi baada ya umande kuondoka. Ukipaka alasiri, usiku utaikuta bado mbichi.

Chagua vanishi ya mafuta ya kupakia mbao za vyombo vya baharini, ile yenye kinga ya jua, na uizimue kidogo kwa tapentaini kwa tabaka la mwanzo. Vanishi za kuchanganya chupa mbili huwa ngumu kama kioo, hazitoki bila ya kukwangua mwanzi, na kwa sababu hiyo pekee nazikataa. Mafuta ya sifa, yanayolinda mbao za ngalawa vizuri sana, hayafai hapa kwa kuwa hayakauki vilivyo na harufu yake haitoki. Nyunyiza maji sakafuni vumbi litulie, funga madirisha, zima feni. Weka kikombe cha vanishi ndani ya maji ya moto mpaka iwe nyepesi, kisha ipake kwa kidole kwa mwendo mmoja mrefu, tabaka jembamba kuliko unavyotamani. Tundika kipande kwa ncha na uondoke chumbani. Tabaka tatu zinatosha, na nne kwenye vifungo vya hariri. Baina yake sugua kwa msasa laini wa maji, kiasi cha kuondoa punje za vumbi tu, ukiziepuka pembe.

Mshikio wa koki, lile gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, usafishwe kwa mswaki laini na sabuni. Mashimo yajazwe unga wa kizibo uliochanganywa na gundi. Usiukwangue, alama ya dole gumba la aliyeitumia ni sehemu ya fimbo. Ubao wa kufungia rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ukiwa umeoza, mpingo au msaji uliochongwa kwa kipimo cha ule wa awali unafaa kabisa.

Kuitumia na kuiweka

Unapounga, anza na vipande vyembamba na umalizie na kinene; unapofungua, fanya kinyume chake. Fimbo nyepesi ya mtoni iliundwa kwa trauti wa maji baridi, na hata mito ya milima ya Kenya walipopandikizwa samaki hao haina mvuto wa jodari. Kwa hiyo ipeleke kwenye maji yaliyotulia ya ndani ya mwamba, kwa changu wadogo na tasi, na chubwi isizidi gramu chache. Kolekole akishika, elekeza fimbo kwake na uuache mshipi ukatike. Mshipi unauzwa Darajani.

Ikirudi nyumbani, ipanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu, viungo vikaushwe ndani kwa pamba, na vipande vikae wazi usiku mzima kabla ya kurudi mfukoni. Mfuko utundikwe kwa kitanzi chake kwenye msumari, ndani ya kabati lenye hewa. Fimbo iliyoegemezwa ukutani hupinda kwa uzito wake wenyewe, na iliyofungiwa kwenye bomba ikiwa na unyevu hupata ukungu kabla ya wiki kwisha. Ndani ya mfuko tia karatasi inayosema nini kilibadilishwa, gundi gani ilitumika, vanishi gani, na mwezi na mwaka wa kazi, pamoja na bahasha ya pete na nyuzi zilizotolewa. Iandike kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu za kawaida huenea katika unyevu wa huku na baada ya masika mbili tatu hausomeki.